Kimbunga Kimoja Hakikuhesabiwa

Idrisi alilipata wazo lile akiwa nyuma ya gogo lake la kukatia nyama, shoka mkono mmoja na mguu wa mbuzi mkono wa pili, na lilimfurahisha hata akamkatia mteja zaidi ya alichoomba. Kwa wiki nzima alikuwa akitafuta njia ya kuwakataa watu wa Embu bila kuonekana kwamba ni yeye aliyewakataa. Sasa ameipata. Yeye hangesema neno. Ramani ingesema.

Watu wa Embu walikuwa mzee Khalifa, mwenye duka la vitambaa, na mpwa wake Swaib, fundi wa mitambo. Walituma salamu tangu kabla ya Ramadhani kwamba Idi ikiisha watapanda Meru kumposa Nadhira, binti wa Idrisi. Kijana mwenyewe hakuwa na kasoro. Alisali, hakuvuta sigara, na alipozungumza na wakubwa alijua pa kunyamaza. Kasoro ilikuwa mahali alipoajiriwa. Swaib alitengeneza mitambo ya kubangua korosho katika mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Msumbiji, upande wa Nacala, na huko ndiko alikotaka kumpeleka mke.

Idrisi alikuwa mtu mwenye hakika na mambo yake. Bei yake haikupunguzwa, nyama yake haikurudishwa, na neno lake nyumbani likishatoka lilikuwa limetoka. Lakini kumwambia bintiye, "Usiende, nitakukosa," hilo mdomo wake haukuweza kulibeba. Alijaribu mengine. Alitaja lugha, Nadhira akamjibu kwamba ameshaanza kujifunza Kireno kwenye simu. Alitaja umbali, Mwanarusi mkewe akamwuliza ni nani aliyemtoa yeye Kanyakine, kwenye shamba la ndizi la wazazi wake Wakristo, akamleta mjini kwa Waislamu ambao baba yake aliwaona wako mbali kuliko Ulaya. Alitaja dini, akaambiwa misikiti ya pwani ile ni mingi kuliko ya Meru. Kila sababu ilimrudia kama noti iliyochanika.

Ndipo akaikumbuka ramani. Nadhira alikuwa amemaliza masomo yake katika chuo kikuu kule Embu, na kazi yake ya mwisho ilikuwa ramani ya kuonyesha vimbunga hupiga mara ngapi katika upande huu wa Bahari ya Hindi. Siku aliyoiwasilisha aliituma kwenye grupu ya familia. Idrisi hakuelewa mengi, ila rangi alizielewa. Juu, kwetu, palikuwa peupe. Chini pakaanza njano, njano ikawa rangi ya chungwa, na chungwa likaishia kwenye wekundu kama wa maini. Aliweka kidole mahali pa Swaib. Kidole kikaangukia kwenye chungwa lililoiva.

*

Duka la Munene la kuchapisha mabango liko juu ya duka la mbegu, si mbali na soko la Gakoromone. Kazi zake nyingi ni za matanga na za wanasiasa. Aliifungua ile picha kwenye kompyuta, akainyoosha mpaka ikajaa kioo kizima.

"Mzee, hii ni ya kampeni?"

"Ni ya posa."

Munene alimtazama, akaona hatanii, akaendelea na kazi. "Huku chini kuna maandishi madogo madogo na vinamba. Vinakula nafasi. Nikiviacha, ramani yenyewe itakuwa ndogo."

"Vikate."

"Na rangi niiongeze kidogo? Hii red imelala."

Idrisi alifikiri. Hapo dhamiri ilimgusa begani, lakini hakugeuka. "Iamshe," akasema.

Alipotoka na bango limekunjwa kwapani, alipita kwa Celina, mama aliyeuza ndizi mbivu mkabala na bucha yake na ambaye alizoeana naye kwa miaka. Celina alimwamkia, "Muga, Baba Nadhira," akataka kujua amebeba nini. Idrisi hakuweza kujizuia. Alilikunjua nusu, akamweleza jinsi wageni watakavyokaa wakitazamana na moto ule mpaka watamani wenyewe kuondoka.

Celina alitikisa kichwa polepole. "Na nani atawasomea?"

"Haitaki kusomwa. Nyekundu ni nyekundu."

"Hata nyanya ni nyekundu," Celina akasema, "na tunakula."

*

Siku ya wageni mvua ya masika iliamka nao. Nadhira alikuwa ametumwa Kanyakine kwa nyanyake kuleta ndizi, na Idrisi alitumia nafasi hiyo kulitundika bango sebuleni. Lilifunika ukuta wote, kutoka kabati la vyombo hadi dirishani. Mwanarusi alitoka jikoni akiwa na mwiko wa pilau, akasimama.

"Baba Nadhira, hiyo ni nini?"

"Kazi ya mtoto wako. Wageni waone tumesomesha."

"Na kwa nini umeiweka mbele ya kiti cha mgeni?"

"Kwani ningeiweka nyuma yake?"

Mwanarusi aliitazama ile ramani, kisha akamtazama mumewe kwa muda mrefu zaidi. "Watu wanakuja kuomba, wewe unawawekea kesi," alisema. "Haya. Lakini kesi ikianza, usiniite shahidi." Akarudi kwenye sufuria zake.

Wageni walifika wakiwa wamelowa mabegani. Mzee Khalifa alikuja na gunia la mchele wa Mwea, likabebwa mpaka ndani. Wanawake waliofuatana naye walipitishwa kwa Mwanarusi, na wanaume wakaketi sebuleni. Swaib aliketi mwisho, karibu na mlango, kanzu yake imepigwa pasi vizuri lakini yeye mwenyewe amekonda kuliko Idrisi alivyomkumbuka. Baada ya salamu na dua, mzee Khalifa alikohoa kidogo, akasema walichokuja kusema: kwamba kijana wao anatafuta jiko, na kwamba wamezunguka kote wakaona moshi mzuri unatoka kwenye nyumba hii.

"Karibuni sana," akasema Idrisi. "Nyumba ni yenu. Lakini kabla hatujaenda mbali, naomba mtazame huo ukuta."

Wakatazama. Kusema kweli walikuwa wakiutazama tangu waingie, maana hapakuwa na pengine pa kutazama. Idrisi alisimama na kijiti mkononi. Aliwaonyesha weupe wa Kenya, akasema Mungu ametuweka juu ya ikweta ambapo vimbunga haviwezi kufika. Alishuka na kijiti polepole, akipita kwenye njano bila haraka, mpaka akakituliza pwani ya Msumbiji.

"Hapa penye kuwaka ndipo kwa Swaib. Kimbunga kila mwaka. Mzee mwenzangu, nakuuliza kama mzazi. Wewe ungempeleka binti yako hapa?"

Mmoja wa wazee waliokuja na Khalifa alishusha kikombe chake bila kunywa. Mzee Khalifa alikuwa mtu aliyezoea kupokewa vizuri. Aliutazama ule moto, kisha gunia lake la mchele lililokuwa bado pale sakafuni kama mtoto aliyesahauliwa.

"Tungejua kuna masomo," alisema, "tungekuja na kalamu."

Kicheko kikavu kikapita chumbani. Idrisi akacheka pia, lakini alihisi masikio yake yakipata moto.

"Na ni nani aliyechora?" mzee Khalifa akauliza.

"Binti mwenyewe," akasema Idrisi, na hapo sauti yake ilijaa fahari ya kweli. "Ana digrii."

"Basi aitwe. Mwenye mchoro ndiye mwenye maneno."

Hilo Idrisi hakulipanga. Alitafuta njia ya kulikwepa, hakuipata, na kabla hajafungua mdomo alimsikia Nadhira akivua viatu vya matope mlangoni. Aliingia akiwa na upindo wa buibui umelowa, akawasalimia wazee mmoja mmoja, kisha akainua macho ukutani. Idrisi aliuona uso wake ukifunguka. Hakuwahi kuiona kazi yake ikiwa kubwa namna ile. Halafu macho yakashuka mpaka chini ya bango, yakasimama hapo.

"Baba, ufunguo uko wapi?"

"Ufunguo gani? Mlango uko wazi."

"Ufunguo wa ramani. Hapa chini palikuwa na maelezo ya rangi. Na hii nyekundu si yangu."

Idrisi alikitazama kijiti chake. "Ulikula nafasi," alisema kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyecheka safari hii, na hilo lilimuuma zaidi. Nadhira alikuwa na nafasi ya kumvua nguo baba yake mbele ya watu wa Embu, na kila mtu chumbani alilijua hilo. Yeye alikipokea tu kile kijiti, kwa mikono miwili, kama mtoto anavyopokea kitu kwa mkubwa.

"Baba amefanya vizuri kuileta," alisema. "Ni vizuri mjue ninapokwenda, kama nitakwenda. Ila bila ufunguo rangi zinasema uongo, kwa hiyo niruhusuni nizisemee mimi." Alichora mraba hewani juu ya bahari. "Hii bahari nimeigawa visanduku. Kimoja ni kama kutoka hapa mpaka Embu, njia mliyokuja leo. Kila kimbunga kilichopimwa kwa setilaiti, nimekifuata njia yake yote, na kila kisanduku kilichoguswa nimekihesabia. Rangi inasema tu ni mara ngapi. Haisemi lini, na haisemi nyumba ya nani."

"Lakini pale ni kila mwaka," akasema Idrisi.

"Si kila mwaka, baba. Pale kwa miaka kumi vimepita kama vitatu, vinne. Na kupita kwenye kisanduku si kupita juu ya paa. Mvua ya mawe ikinyesha Kanyakine, Embu wanaanika nguo."

Mzee Khalifa alipiga goti lake kwa kiganja. "Mnasikia? Mwenyewe amesema. Hakuna hatari."

"Hapana, mzee. Sijasema hivyo." Nadhira alimgeukia kwa adabu ileile. "Hatari iko. Ni kubwa kuliko ya Mombasa, ndogo kuliko ya Madagaska upande wa mashariki. Na hapa petu penye weupe msipaamini sana. Weupe unasema hakukupita kimbunga. Mlima ukiporomoka kwa mvua kama hii, ramani yangu haijui, kwa sababu sikuhesabu milima."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati wakati akisema hivyo. Wazee wale wakajikuta wamenyanyua macho wakatazama dari.

Idrisi aliketi. Kwa nusu ya moyo alikuwa ameaibika, na kwa nusu nyingine alitaka kusimama awaambie wote, mnamwona, huyo ni wangu. Nusu iliyoaibika ndiyo iliyosema. Alimgeukia Swaib aliyekuwa kimya muda wote.

"Wewe kijana, sisi tunasoma ukuta, lakini wewe unaishi huko. Umewahi kukiona hicho kitu?"

"Hajawahi," mzee Khalifa akamjibia haraka. "Anaishi vizuri kabisa."

Swaib alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili. Alimtazama mjomba wake, kisha akamtazama Nadhira, na Idrisi, aliyezoea kumsoma mteja kabla hajasema anataka nini, alijua kwamba neno linakuja.

"Nimekiona," akasema Swaib.

"Lini?" Aliyeuliza ni Nadhira.

"Ramadhani hii."

"Ulinitumia meseji kwamba kilipita mbali. Kwamba kwenu ilikuwa mvua tu."

"Nilituma."

Mzee Khalifa alimgusa mkono, akasema mambo ya msiba hayachanganywi na mambo ya posa. Swaib aliuondoa mkono ule taratibu. Akasema yote, bila kuyapamba. Upepo ulianza kabla ya daku. Walitangaziwa tangu siku iliyotangulia, lakini watu wa mtaa ule walikuwa wametangaziwa mara nyingi. Alikimbilia ghala la korosho kwa sababu kuta zake ni nene, na wengine wakamfuata, akina mama na watoto. Paa la ghala liling'oka upande mmoja, wakarudi wote kwenye kona iliyobaki, wakausukumia mlango magunia. Asubuhi chumba alichokuwa amepanga kilikuwa kuta nne zinazotazama mbingu. Jirani yake, mzee aliyemfundisha kusema salamu za kule, hakuweza kutembea, na ukuta wake mwenyewe ulimwangukia.

"Sikuja likizo," akamalizia. "Kiwanda kimefungwa mpaka kitengenezwe. Kule nalala ofisini."

Nadhira alikiweka kijiti mezani. "Mimi nimekaa miezi nahesabu vimbunga, kimoja baada ya kingine," alisema. "Chako ndicho umenificha."

"Niliogopa utasema hapana."

"Na hukuniachia hata nafasi ya kuisema."

Nadhira aliwageukia wazee, macho yake makavu, sauti yake imara. "Naomba jibu lisitoke leo. Chakula kiko tayari, na mmetoka mbali." Akaingia ndani kwa mama yake.

Wakala pilau. Waliisifu kwa maneno machache, wakanawa, wakasoma dua fupi. Wazee walirudi Embu kabla mvua haijaharibu barabara, ila Swaib alibaki, akasema atatafuta gesti. Hapana hata mmoja aliyemwambia akae, na hapana aliyemwambia aende. Idrisi alikuwa ameshinda kesi yake, tena kwa ushahidi wa mshtakiwa mwenyewe, na ushindi ule ulimkaa kooni kama mfupa.

*

Walilitoa bango wawili, yeye na Nadhira, kila mmoja kwenye kona yake. Mwanarusi alikuwa akiosha vyombo kwa kelele kuliko ilivyohitajika.

"Umekasirika?" Idrisi akauliza.

"Kwa rangi, ndiyo. Mtu akiona ile nyekundu atasema sijui kazi yangu."

"Nitamwambia Munene."

"Munene hakukosea. Alifanya ulichomwambia." Alikuwa akikunja upande wake, akikaribia upande wa baba yake. "Baba, kama hukutaka niende ungeniambia."

"Nimekuambia mara ngapi?"

"Umeniambia kwa Kireno, umeniambia kwa umbali, umeniambia kwa kimbunga. Kwa mdomo wako hujaniambia."

Kelele za vyombo jikoni zikakoma. Idrisi alishika ile kona ya bango kama anayeogopa ikidondoka itavunjika. Alikuwa amechinja ng'ombe tangu ujanani, amegombana na wakaguzi wa nyama na wezi wa mifugo, na hakuna hata siku moja alipoona neno zito kama lile.

"Sitaki uende," alisema. "Nitakukosa. Nikifunga bucha jioni, ni wewe unayeniuliza siku imekuwaje. Mama yako haulizi, yeye anajua kwa kunitazama."

Nadhira alicheka na kujifuta jicho kwa wakati mmoja. "Sasa nimesikia," alisema. "Na hiyo nitaihesabu pamoja na mengine. Lakini nitaamua mwenyewe."

"Najua," akasema Idrisi, na alishangaa kuona kwamba kweli anajua.

*

Asubuhi iliyofuata Swaib alikuwa bucha kabla ya wateja wa kwanza. Hakuwa na kanzu. Alivaa suruali ya kazi. Idrisi hakumkaribisha kwenye benchi. Alimwacha amesimama pale kwenye ubao wa kuuzia huku akiwakatia watu, na wateja wakimpita kijana wa watu kama nguzo. Nusu ng'ombe ilipoletwa kutoka kichinjioni, kijana wa kuipokea hakuwa amefika, na Idrisi akasema bila kutazama mtu, "Shika huko."

Swaib alishika. Waliibeba wawili, wakaitundika kwenye kulabu, na damu ikamchirizikia kifuani. Hakujipangusa. Celina, kutoka kwenye ndizi zake, aliangalia yote bila kujificha.

"Sikuja kudai jibu," Swaib akasema walipomaliza. "Kuna kitu sikumaliza jana."

"Mambo yako usiniambie mimi. Mimi si wa kuolewa."

"Hata wewe nilikudanganya, mzee. Nilipokupigia Idi ukaniuliza kazi iko aje, nikasema iko sawa."

Idrisi alikumbuka. Alikuwa ameuliza kwa adabu tu, bila kusikiliza jibu. Sasa alimsikiliza. Alimwangalia kijana yule aliyekonda, akamfikiria akisukuma magunia mlangoni na watoto wa watu nyuma yake, na akaona kwamba anamkasirikia kwa kuficha, lakini kumdharau hawezi. Hilo lilimsumbua, maana kumdharau kungekuwa rahisi.

Nadhira alikuja na chupa ya chai. Mama yake ndiye aliyemtuma, akasema, ingawa bucha ile haikuwahi kuletewa chai saa kama ile tangu ifunguliwe. Alimkuta Swaib na damu ya ng'ombe kifuani, akamtazama juu mpaka chini.

"Jana sikukuuliza maswali yangu," alisema. "Ghala lile liko umbali gani na maji?"

"Kama kutoka hapa mpaka stendi. Ila liko juu, kwenye mwinuko."

"Na chumba chako?"

"Chini, karibu na mto. Kodi yake ilikuwa nafuu."

"Hutarudi hapo."

"Sitarudi."

"Paa likirudishwa, linafungwa na nini?"

Swaib akaanza kueleza, kwanza kwa woga, kisha kama fundi: nondo zinazoshuka mpaka kwenye msingi, mabati yaliyopigwa misumari karibu karibu, paa lenye pande nne ili upepo usipate mahali pa kushika. Alichora kwa kidole juu ya unga wa mifupa uliokuwa kwenye gogo. Nadhira aliinama, akasahihisha upande ambao upepo hutokea. Idrisi alisimama na shoka lake, wateja wakisubiri, na hakuna aliyewaharakisha.

Mwishowe Nadhira alijinyoosha.

"Mimi ile rangi naijua, Swaib. Niliipaka mwenyewe. Nilipokubali uje, nilikuwa naijua tayari. Kimbunga hakikunitisha hata kidogo. Kilichonitisha ni kwamba umekaa na kitu kikubwa hivyo ukanitumia meseji ya Ramadhani njema."

"Haitatokea tena."

"Itatokea, kwa sababu wewe ni mtu wa kutaka wengine walale vizuri. Ukitaka kunificha, ujue nitajua. Lakini sitaki kujua kwa setilaiti. Nataka kujua kwako, kwanza, kabla ya mtu mwingine. Ukiweza hilo, tutaoana msimu wa vimbunga ukiisha, kabla ya Idi kubwa. Ukishindwa, nitarudi kwa baba yangu, na baba yangu ana shoka."

Mteja mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Swaib aliweka mkono kifuani, juu ya damu ile, akasema ataweza.

Nadhira akamgeukia baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu jana macho yake yaliomba. Idrisi aliona kwamba maneno yote aliyojua ya kukataa yalikuwa bado mfukoni mwake, yamekamilika, yanaweza kutumika. Aliyaacha huko.

"Mama Nadhira atawapigia Embu," alisema. "Waje tena. Na mzee Khalifa umwambie mchele wake tumeula, ni mzuri sana." Kisha akamtupia Swaib kitambaa. "Jifute. Unawatisha wateja."

*

Nikahi ilifungwa msikitini mwa mji, siku ambayo mvua ilikuwa imekata na milima inaonekana yote. Idrisi, kama walii, aliyatamka maneno ya kumwoza bintiye kwa sauti iliyosikika mpaka safu ya nyuma, na waliokuja wakidhani atayumba walirudi bila habari. Mzee Khalifa alimkumbatia mlangoni, akamnong'oneza kwamba sebuleni kwake Embu kuna ukuta mtupu, akitaka kuja kufundisha. Idrisi alicheka mpaka kofia ikamteleza.

Siku ya safari mizigo ilipakiwa mapema. Mwanarusi alimshika Nadhira pembeni, wakaongea kwa Kimeru maneno ambayo hayakuwa ya wanaume. Idrisi alibaki na mkwe wake kando ya gari. Swaib alikuwa amenenepa kidogo tangu masika. Alisimama wima, akasema kama wanavyosema wote:

"Baba, usiwe na wasiwasi. Nitamtunza."

"Usiniambie utamtunza," akasema Idrisi. "Kila mkwe husema hivyo, hata wale wabaya. Wewe niambie ukweli. Ukiwa mzuri niambie, ukiwa mbaya niambie. Nipigie hata nikiwa nimelala."

Swaib alifikiri kidogo. Aliangalia kule alikokuwa Nadhira, kisha akarudisha macho kwa baba mkwe.

"Basi nianze sasa," alisema. "Ile nyumba ya juu, kule kwenye mwinuko, nimeipata. Kuta ni nzuri. Lakini paa bado halijaisha. Mabati yamekwama mpakani, na tukifika tutalala wiki ya kwanza kwa jirani."

Idrisi alimwangalia. Kutoka ndani yake kukaja kitu ambacho yeye mwenyewe hakukitarajia, cheko la polepole, zito, la mtu aliyepimiwa sawasawa.

"Yeye anajua?"

"Alijua kabla yako."

"Vizuri," akasema Idrisi, na akamfungulia mlango wa gari. "Sasa tumeanza kuelewana."